Mama Mota na Msumeno wa Mukhwana

Mafundi nimewaona wengi hapa Kayole, lakini huyu tunayemwita Mama Mota hagusi spana kabla sikio lake halijasema. Husukuma kitambaa cha kichwa nyuma, huegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye chuma, kisha hufumba macho kama anayeonja mchuzi.

Jana msumeno wa mkanda wa seremala wetu Mukhwana ulikuwa unapiga mayowe, na keateka, msimamizi wa ploti yetu, alishaapa kwamba ukilia tena, Mukhwana atahama ploti. "Mota imeungua, mama," Mukhwana akalia. "Nyamaza, baba, naongea na mashine," akajibu kwa ile sauti yake ya mikwaruzo. Akatoa belti inayozungusha msumeno, akawasha mota peke yake. Kelele ikawa ile ile. Basi akaizima, akafungua kifuniko cha feni, na vidole vyake vyeusi kwa grisi vikavuta utepe mrefu wa neti ya mbu. Kumbe Mukhwana alikuwa ameifunika mota kwa neti ili vumbi la mbao lisiingie, na feni ikaivuta ndani! Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Akarudisha belti, akawasha, akapitisha ubao; hakuna mayowe. Keateka akaja mbio. "Afadhali mmeizima!"

"Inakata, babangu," akasema Mama Mota, akimkabidhi ubao uliopasuliwa sasa hivi, bado una joto.