Gonga Kwanza, Salamu Baadaye

Ko, ko, ko, bu. Sauti hiyo ninaisikia hata leo nikiosha vyombo. Ko ni faiba nzima, gamba la nje la boti, iliyoshikana na ubao wake. Bu ni ubao uliooza ndani, huku rangi ya nje inang'aa kama sahani ya harusi. Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini, pale karakana ya Kerege, kabla hata sijaonyeshwa pa kuweka mkoba.

Mtanicheka, wadogo zangu, nikisema nimestaafu, maana sijafika miaka thelathini. Lakini miaka saba ya kukagua boti zilizotumika si mchezo, tena kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa kusukumwa.

Siku hiyo mzee mmoja alileta boti yake iuzwe. Nikampa shikamoo. Mkubwa wangu, tuliyemwita Fundi Mkuu, akampita kama anavyopita nguzo ya umeme, akaanza kugonga boti kwa mpini wa bisibisi, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, kule nyuma inakofungwa mashine. Nilishtuka, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo wake wote. Kila sauti ilipobadilika, alichora duara kwa chaki. Alipomaliza ndipo akampa mzee mkono, wakaulizana habari za watoto na mashamba.

"Huyu fundi wenu kazaliwa na nyundo," mzee akaninong'oneza. "Mama hana."

Baadaye Fundi Mkuu akanieleza. "Binti, ukishakunywa chai ya mtu, mdomo wako ni wake. Gonga, chora, halafu salimia."

Nikajifunza. Kila asubuhi niliisalimia boti moja ya bluu iliyolala nyuma ya karakana, nikaipa na jina, Kitumbua, nikiota siku itakayokuwa yangu. Kisha naingia kazini. Wateja wengi walitaka boti moja ya kazi zote: siku za kazi ikavue, Jumapili ivute watoto juu ya mpira mkubwa wa upepo. Mtego uko hapo. Boti ya kuvua hutembea polepole na mashine ndogo, hata tezi mbovu huvumilia miaka. Ya kuvuta watu hufungwa mashine kubwa, na nguvu zote, za mashine na za kamba, hubebwa na tezi hiyohiyo. Maji nayo hupenya kwenye matundu ya boliti, ubao unaoza kimyakimya.

Mwaka wa tatu nikapelekwa Bagamoyo, nikague peke yangu. Baba Mwanaidi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameipenda boti ya bibi mmoja mjane. Bibi alinipokea mlangoni. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu. Mkeka, vitumbua, chai ya tangawizi. Akanisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akiipaka rangi kila Ramadhani ikikaribia. Ndipo tukaenda uani, mkono wake begani kwangu. Ko, ko, ko. Kwenye tezi, bu.

Chaki ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Nilimwambia Baba Mwanaidi boti ni nzuri, ila huko nyuma awe anapaangalia siku za mbele. Yeye alisikia neno moja tu, nzuri.

Jumamosi tukaijaribu baharini, imefungwa mashine yake kubwa. Mwanaidi, binti yake wa miaka minane, akapanda mpira huku anaimba. Baba yake akaongeza mwendo. Nyuma yangu kukasikika mlio kama wa gunia linalochanika. Nikageuka: tezi imefunguka, mashine inaning'inia kwa boliti moja, bado inanguruma, na mpira umepinduka, juu yake hakuna mtu.

Baba yake alizima mashine, akajitosa. Mtoto akaibuka ndani ya jaketi lake la kuelea, anakohoa, anauliza mpira wake umekwenda wapi. Baba Mwanaidi hakunigombeza. Alinitazama tu, nami nikakaa chini, kwenye maji yaliyoingia ndani ya boti.

Fundi Mkuu alikuja jioni. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulichora?"

Nikatikisa kichwa. Akaondoka bila kuniaga. Kesho yake nilikwenda kwa bibi. Aliniuliza kwa nini sikumwambia, maana yeye aliamini anauza kitu kizima. Chai hakuniletea.

Tangu siku hiyo sikukosa kuchora hata mara moja. Mwezi uliopita niliaga kazi, kwa sababu mwenye Kitumbua alikubali kuniuzia. Nilishapanga kila kitu: asubuhi nitavua, mchana nitavuta watoto wa Kaole kwenye mpira, bendera ya njano mbele.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Wenzangu walipokwenda msikitini, nilisimama mbele ya Kitumbua na bisibisi. Miaka saba nimeisalimia, sijawahi kuigonga. Ko, ko, ko, ko. Nikafika kwenye tezi.

Bu.

Nikagonga tena, nikidhani mkono umekosea. Bu.

Nikatoa chaki, nikachora duara.