Wegesa Alipiga Moja

Mahali palipokuwa na nyumba ya Wegesa, juu ya njia ya ng'ombe hapa Gorong'a, hakuna mtu aliyejenga tena. Pamebaki mafiga na duara la zizi lililoota majani. Wanaopita husema hapa ndipo alipokaa mwanamke aliyewatazama wezi wakipita, akanyamaza. Husema hivyo huku wakitafuna muwa. Sehemu ya kwanza ya habari hawaisemi. Nitaisema mimi.

Mwaka 1957 lilikuja gari la redio kutoka Dar es Salaam. Lilizunguka wilaya hadi wilaya likifundisha watu kutengeneza vipindi: kushika kinasa sauti, kukata utepe kwa wembe, kuunganisha vipande. Mwalimu wake aliitwa Selestine. Wanafunzi walikuwa walimu na makarani wachache, mmoja wao Joram, mtoto wa shemeji yake Wegesa. Wakatunga mchezo juu ya wizi wa ng'ombe, na mchezo ukahitaji yowe.

Joram akampeleka mwalimu wake kwa Wegesa. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wachache na binti mmoja, Rhobi, na sauti yake ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Kwetu mjane hana mkuki. Yowe ndilo mkuki wake: akilipiga, kila mwanaume atakayelisikia ataacha alichoshika na kukimbia na silaha.

"Shikamoo, mama," alisema Selestine.

"Marahaba. Na huyo nyoka mweusi uliyemburura mpaka uwanjani kwangu?"

"Ni waya tu. Mwishoni kuna sikio. Lipigie yowe, kama vile wezi wamefika."

"Nikipiga watakuja na mishale. Utawapikia wewe?"

Watu wakacheka. Joram hakucheka. "Mama mdogo, usituaibishe mbele ya mgeni."

Wegesa akafikiri. Kwa desturi ya kilima hiki, yowe la wezi hupigwa mara tatu. Likipigwa mara moja, ni mwanamke aliyekanyaga nyoka au aliyeungua na chungu; hakuna anayeinuka.

"Nitapiga moja," alisema. "Mawili yaliyobaki ni ya ng'ombe wangu."

Akapiga moja. Bondeni mtu mmoja aliinua kichwa, akarudi kwenye jembe lake.

Jioni Selestine akawafundisha kunakili sauti. Yowe moja likawa matatu, yakaunganishwa vizuri hata kiungo hakikusikika. Aliyeshika wembe ni Joram. Joram, mtoto wa kilima hiki, aliyejua maana ya tatu kabla hajang'oka jino la kwanza!

Siku ya kufunga mafunzo, mchezo ulipigwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Wanaume walitoka mashambani na kwenye pombe, wakikimbia na pinde na mapanga. Matiko, mwana wa mzee Nyangwine, aliruka korongo akavunjika mguu. Walipofika walimkuta Selestine akipiga makofi.

"Mmeona nguvu ya redio?" aliwaambia wanafunzi wake.

Kesho yake gari likaondoka kwenda Mugumu kufundisha wengine.

Likakaa ritongo, baraza la wazee wa ukoo. Aliyeliongoza ni Nyangwine mwenyewe, baba wa mguu uliovunjika. Hakuna aliyeona ubaya wowote hapo.

"Sauti ile ni ya nani?"

"Ni yangu, baba. Lakini nilipiga moja."

"Sisi tulisikia matatu."

"Mawili ni ya mashine. Muulizeni Joram."

Joram akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri.

"Mashine haina mdomo," alisema Nyangwine. "Mwenye mdomo ni wewe. Tangu leo yowe lako si yowe. Usilipige. Na ukilipiga, hakuna atakayeinuka."

Wakaenda kunywa. Wazee wazima, wenye wake na mabinti, na hata mmoja hakuuliza mjane yule angelinda zizi lake kwa nini. Kwa mwiko wa ugali?

Msimu wa mvua uliofuata, kulipopambazuka, wezi waliwaswaga ng'ombe wa Nyangwine mbele ya uwanja wa Wegesa. Alikuwa anasaga ulezi. Rhobi alimvuta nguo. "Mama, si ng'ombe wa babu Nyangwine wale?" Wegesa hakuliacha jiwe.

Nyangwine alifika akihema, umande umeshakauka.

"We mwanamke! Umewaona?"

"Nimewaona. Ni watu wanne, wameelekea mtoni."

"Na ukanyamaza!"

"Ningepiga yowe lipi, baba? Langu si yowe."

"Ungepiga hata hivyo!"

"Mngeinuka?"

Mzee alijibu kwa moto: siku hiyohiyo nyumba ya Wegesa ilichomwa, na ng'ombe wake wakachukuliwa kufidia wale walioibwa. Aliadhibiwa kwa kupiga, kisha akaadhibiwa kwa kutopiga, na watu walewale, chini ya uongozi wa mtu yuleyule. Nyangwine alipokufa alisifiwa kaburini kwa hekima. Mchezo ulitangazwa, na nasikia huko Dar es Salaam walilisifu sana lile yowe.

Wegesa alitembea na Rhobi mpaka Mbalibali, kwa kaka yake Werema. Bado yuko huko, mzee sasa, anaishi kwa Rhobi na analima mihogo nyuma ya nyumba.