Baiskeli ya mashindano niliyoifufua Shinyanga, na broka aliyeniletea vipuri vyake bila kutaka chochote

Wakuu, kwema huko mliko?

Juzi kuna mdau aliweka humu picha ya baiskeli ya zamani ya mashindano, zile nyembamba za chuma zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, akauliza kama kuna mtu aliwahi kuziona huku kwetu.

Nimeziona. Moja niliifufua kwa mikono yangu, na nusura inifanye nimpeleke mtu kwa sungusungu.

Majina nimebadili kwa sababu wengine wana watoto na huenda wamo humu. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Atakayeona ni chai, apite kimya kimya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini. Baiskeli ndiyo ulikuwa ugonjwa wangu. Wasukuma wenzangu mnaelewa. Mtu anaweza kulala njaa lakini baiskeli yake ing'ae.

Siku moja nikatumwa Ushirombo kurekebisha mzani wa pamba. Nikafikia karibu na misheni, jirani na mama mmoja nitamwita Mama Ngollo.

Kwenye banda lake la kuku nikaona fremu imening'inizwa.

Wakuu, nilisahau hata salamu.

Fremu ya chuma, bomba nyembamba, na vile vikombe vya kuunganishia bomba na bomba vimechongwa kwa tupa, kimoja kimoja. Alama za tupa unaziona. Kiwanda hakifanyi vile. Ile ilitengenezwa na mtu mmoja, kwa mkono. Mtu fulani mjinga alikuwa ameipaka rangi ya mafuta ya kijani, ile ya milango, kwa brashi.

Haikuwa na kitu kingine zaidi ya uma wa mbele na rimu zilizoliwa na kutu.

Mama Ngollo akanieleza. Padre mmoja wa Kizungu, aliyekuwa mwanamichezo ujanani, alipoondoka misheni aliiacha kwa mumewe, Luhende. Luhende akaipenda kuliko ng'ombe, akaipaka ile kijani isishike kutu. Rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo, ilipoanza upande wa Geita, akaipanda akaenda kuchimba.

"Ikarudi fremu tu," akasema. "Ililetwa na lori. Dereva akasema duara, lile shimo la kuchimbia, limemfukia mwenzetu, mwili haukupatikana. Tukaweka matanga bila kaburi."

Tukakubaliana kubadilishana. Mimi nimpe baiskeli yangu ngumu ya kubebea mizigo, yeye anipe ile fremu. Akaongeza sharti moja: "Ukiimaliza, uje nayo niione."

Nikaahidi.

Sasa Shinyanga ndipo kazi ilipoanza. Nilikwangua ile kijani, chini yake ikatoka buluu nzuri ajabu. Lakini kila kipuri nilichojaribu kilikataa. Pale chini pedeli zinapozungukia, nyuzi za skrubu zilikuwa za aina nyingine kabisa, za hapa haziingii. Na mimi sikutaka kulazimisha. Nilitaka vitu vya enzi yake, orijino.

Nikamwendea Mzee Kanji, Mhindi mwenye duka la vipuri karibu na stesheni. Akavaa miwani, akaigeuza ile fremu, akatikisa kichwa.

"Fundi, hii hata Nairobi utahangaika. Lakini nitauliza uliza."

Hazikupita wiki nyingi, akaja kwangu nyumbani mtu simjui. Pikipiki, miwani myeusi, koti la ngozi kwenye jua la Shinyanga. Broka wa dhahabu, huhitaji kuuliza. Akajitambulisha Sospeter. Akatoa kifurushi cha gunia.

Ndani kulikuwa na mikono ya pedeli pamoja na ekseli yake, na pedeli zenyewe zikiwa na vikanda vyake vya ngozi.

Nikaiweka. Ikaingia laini, bila nyundo, kama mguu kwenye kiatu chako mwenyewe.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Sitaki kitu, mkuu. We malizia baiskeli."

Akawasha pikipiki akaondoka.

Mke wangu, Mama Shija, alikuwa anachambua mchele pale kibarazani. Akaniangalia. "Baba Shija, mtu wa machimboni akupe kitu bure? Huyo anatafuta kitu kwako."

Nami nilikuwa nimeshaanza kuwaza hivyo hivyo. Nikaisugua ile mikono kwa mafuta ya taa, na nyuma yake, pembeni kabisa, nikakuta matone ya rangi.

Kijani. Kijani ile ile ya milango.

Wakuu, nilirudia kuangalia. Kipuri hakikufanana na cha baiskeli yangu. Kilikuwa CHA baiskeli yangu. Kilitoka kwenye fremu ile ile, baada ya Luhende kuipaka rangi. Na Luhende alikufa machimboni. Sasa huyu mwenye miwani amekipata wapi?

Nikarudi kwa Mzee Kanji. "Yule mtu umemtoa wapi?"

"Mteja wangu. Hununua karabai na kamba, hukaa Masumbwe. Nilimwambia fundi wangu anatafuta vitu vya kizamani, yeye huzunguka machimbo yote. Kosa langu nini?"

Hakuna kosa. Lakini usingizi ulipungua.

Mtaani nako maneno yakaanza. Wakasema kwenye bomba za fremu kuna dhahabu, ndiyo maana broka amenifuata. Nikachokonoa kwa spoku kila tundu. Nikatoa kutu na kiota cha nyigu.

Sospeter akaja tena na mtambo wa kubadilishia gia. Akaja tena na breki. Kila akija hakai, hanywi maji, anaitazama baiskeli tu kama mtu anayetazama mgonjwa, anauliza, "Bado nini?"

Siku ya breki nikajikaza. "Bado siti. Lakini kwanza niambie, hivi vitu unavipata wapi?"

"Machimboni vitu vinapatikana."

"Kwa nani?"

Akavua miwani kwa mara ya kwanza. Macho mekundu ya vumbi la mawe. "Siti ipo. Ila mwenyewe hataki kuiachia."

"Mwenyewe nani?"

Akavaa miwani, akaondoka.

Hapo nikaunganisha picha yote kichwani. Huyu alimuua Luhende duarani, akamnyang'anya dhahabu, akavua vipuri, fremu akairudisha kwao ili ionekane ajali. Sasa dhamiri inamsumbua, analeta kimoja kimoja.

Mama Shija akasema niende kwa mtemi wa sungusungu jioni ile ile. Na wale wa miaka ile mnawajua. Hawakuwa watu wa kukuuliza mara mbili. Mtu angetolewa Masumbwe kwa kamba.

Kitu kimoja kilinizuia. Muuaji gani anakuja mchana, kwa pikipiki, anajitaja jina?

Nikaamua nitangulie kuona kwa macho yangu. Nikapanda lori la mahindi mpaka Masumbwe. Enzi hizo bado ni mkoa wetu wa Shinyanga.

Kumpata Sospeter hakukuwa kazi. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa nje ya kibanda cha kutengenezea taa za karabai. Nikaingia bila hodi. Mfukoni nimeshika spana.

Sospeter hakuwepo. Alikuwepo mtu mmoja tu, mikono yake ndani ya taa, amekaa kwenye kigoda.

Juu ya kigoda imepigiliwa siti nyembamba ya ngozi, ya baiskeli ya mashindano. Chini yake miguu miwili imelala kama matambara.

Akainua kichwa, akaona mikono yangu ina mafuta.

"Wewe ndiye fundi," akasema. "Buluu imetoka vizuri?"

Wakuu, nilikaa chini.

Luhende alikuwa hai. Duara lilimwangukia kweli, wenzake wakamtoa, mgongo umevunjika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba Sospeter, mwenzake wa shimoni, atume habari kwa dereva wa lori kwamba amekufa. Vipuri alivivua akavificha chini ya kitanda, hakutaka mtu mwingine aiendeshe. Aliposikia kuna fundi anaihangaikia kwa heshima, akalainika.

"Kwa nini umemfanyia hivyo mkeo?" nikamuuliza.

"Mwanamke akiambiwa umekufa, analia anamaliza. Akiambiwa umelemaa, analia kila asubuhi." Kisha akanikazia macho. "Ukimwambia, nahama hapa. Hutanipata."

Akang'oa misumari mwenyewe, akanipa siti.

Nikarudi na siti mkononi. Nikamalizia baiskeli. Ilikuwa nzuri jamani, nzuri mpaka watu wa mtaani wakanyamaza. Halafu nikakumbuka niliahidi kuipeleka Ushirombo.

Niliapa njia nzima kwamba nitafunga mdomo.

Mama Ngollo alitoka nje, nikamwamkia, "Mwangaluka mayo," akaitikia huku macho yako kwenye baiskeli. Akaizunguka. Akaniambia nimekuja wakati mzuri, kwa sababu baada ya mavuno ukoo umeamua arithiwe na shemeji yake. Yeye hataki, lakini atasema nini, mjane ni mjane.

Kisha akainama. Kwenye pedeli kuna vile vikanda vya ngozi vya kufungia mguu. Akakishika kimoja, akakipindua.

"Huu mshono wangu."

Nikaangalia pembeni.

"Baba, kanda hizi alikuwa nazo alipoondoka. Nilizishona mimi, hapa hapa mlangoni. Umezipata kwa nani?"

"Machimboni," nikasema. Nikajisikia nimeongea kwa sauti ya Sospeter.

"Nimekuuliza kwa nani."

Nilifikiria sharti la Luhende. Nikafikiria mwanamke kupewa mume wa pili na wa kwanza anakula ugali Masumbwe. Nikamwambia.

Hakulia. Alifunga mlango, akajitanda kanga, akasema twende.

Tulipofika Masumbwe kwenye kile kibanda, Luhende alimwona kabla hajaniona mimi. Akageukia ukutani, akajifunika uso kwa mikono yake yenye masizi.

Mama Ngollo akasimama mlangoni. Nilidhani atampiga.

"Shikamoo, marehemu," akasema.

Luhende akazidi kujibana ukutani.

"Nimesema shikamoo. Huko uliko hamfundishwi kuitikia?"

"Marahaba," ikatoka, ndogo kabisa.

Ndipo akaingia, akakaa chini kando ya kigoda, akamshika ile miguu. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikatoka nje.

Walirudi Ushirombo kwa lori, mama amempakata mumewe kama mzigo wa vyombo. Shemeji akaacha habari za kurithi. Karabai zikaendelea kutengenezwa pale pale kwenye banda la kuku, na Ngollo akapata mdogo wake, msiniulize kwa vipi, mgongo una siri zake. Baiskeli nilitaka kuwarudishia, wakakataa. Niliiendesha miaka mingi.

Sasa nilichojifunza. Wasiwasi si dhambi. Huku kwetu enzi zile asiye na wasiwasi hakuzeeka. Lakini wasiwasi wako utembeze kwa miguu yako mwenyewe kwanza, kabla hujaukabidhi kwa watu wenye fimbo. Mimi nilikuwa na uhakika kabisa kuhusu Sospeter, na nilikuwa nimekosea kabisa.

Au karibu kabisa. Maana nilipomuuliza Luhende duara lile liliangukaje, alijibu haraka mno, "Bahati mbaya." Na Sospeter, siku nilipomuuliza swali hilo hilo, alijibu, "Muulize mwenyewe." Sospeter kumlisha mwenzake miaka yote ile, ni urafiki tu, au alikuwa analipa deni?

Sijui. Sikuuliza tena.

Nyie wakuu mnaonaje? Nilifanya sawa kuvunja sharti la Luhende, au ningenyamaza? Wale wa Masumbwe na Ushirombo wa enzi hizo, uwanja ni wenu. Matusi wekeni akiba, nimeshazeeka.