Marahaba ya Mtendaji

Jumanne nilikuwa ofisi ya kata hapa Sumbawanga, nasubiri muhuri wa barua. Wakaingia akina mama saba, wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Walikuja kulalamika kwamba lori la taka la mji humwaga mzigo karibu na kisima chao.

"Nyie watu wa kuja, andikeni barua," mtendaji alisema, macho kwenye simu.

Wakapiga magoti wote saba, kama wanavyosalimia wakubwa kwao. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alipoinua macho hakuona mtu, kaunta ilikuwa imewaficha. Akasimama, akachungulia. Mbele kabisa alikuwa amepiga magoti bibi wa umri wa kumzaa mama yake.

"Jamani, bibi, inuka!"

"Nipo sawa, baba. Lori litamwaga wapi kesho?"

Mzee wa Kifipa nyuma yangu kwenye foleni akaguna, "Kupokea shikamoo ya mkubwa wako ni laana."

Mtendaji alimpigia dereva papo hapo, akamwamuru aende kwenye dampo la mji. Ndipo bibi akainuka, akakung'uta kitenge.

Mimi mwenyeji, niliyesimama wima muda wote, muhuri wangu nausubiri hadi leo.