Siku Thelathini Bila Hina

Saa mbili asubuhi, jua la Garissa limeshaanza ukali wake. Rahmo Hared, mwenye umri wa miaka 72, ameketi kibarazani kwake Bulla Iftin akisugua vidole kwa limau na sabuni ya kipande. Anavikagua kimoja kimoja, anaguna, anasugua tena.

Leo ni siku ya thelathini tangu aache kugusa hina, na ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha wazee.

Kwa karibu nusu karne mama huyu amewapamba maharusi wa mji huu, na mikono yake mwenyewe haikuwahi kukosa rangi. Rangi hiyo ndiyo iliyomponza. Mwezi uliopita alipokwenda kujiandikisha apate pesa ya wazee, shilingi elfu mbili kwa mwezi, mashine ya alama za vidole ilimkataa. Bima ya afya nayo inataka vidole hivyo hivyo, na Rahmo ana presha.

"Karani aliniambia, 'Ayeyo,' yaani nyanya, 'kaa mwezi moja bila hina, kisha rudi,'" anasema. "Nikamuuliza, na huo mwezi nitakula nini? Akacheka tu."

Swali halikuwa la mzaha. Bibi harusi mmoja humlipa shilingi 1,500, na mwezi huu amewarudisha sita. Mumewe, mzee Yarow, hana nguvu tena za kufuata mifugo.

Kisha kukaja fedheha ambayo hakuitarajia. Hapa mwanamke wa rika lake akionekana mikono mitupu, watu hudhani yumo edani, maana mjane ndiye anayeacha hina. Jirani yake Safiyo alipomwona sokoni, aliangua kilio papo hapo.

"Mwingine alitoka Liboi na sukari ya matanga," anasimulia Rahmo, akijizuia kucheka. "Akakuta Yarow anakunywa chai! Wallahi mzee alikasirika. Akaniuliza, 'We mama, umenizika nikiwa hai?'"

Lakini mazoea yana taabu. Siku ya ishirini na sita, Hibo, msichana anayemfunza kazi, alikuwa akikanda hina. Rahmo akachovya gumba la kulia kupima ulaini wake, kama alivyofanya maisha yake yote. Alipozinduka, rangi ilikuwa imeshashika.

"Nililia kama mtoto," anakiri.

Saa nne yuko mbele ya karani, kijana anayeitwa Sadik. Gumba la kulia linakataliwa. La kushoto pia. Sadik anajaribu kidole baada ya kidole. Miaka ya kukanda na kusugua imefuta mistari yote.

Kinabaki kidole kidogo cha kushoto, kile kisichokanda wala kuchora. Taa inageuka kijani.

"Alhamdulillahi!" foleni nzima inaitikia.

"Lakini ayeyo, sikia," anasema Sadik. "Ukija kuchukua pesa, ukienda hospitali, ni hiki tu. Usikipake kitu tena."

Rahmo anarudi nyumbani kwa haraka. Malipo ya kwanza, anasema, yatakwenda kwenye dawa za presha. Jumamosi ana bibi harusi, na anataka aende akiwa na mikono inayofanana na kazi yake. Anamwita Hibo alete bakuli, kisha anakunja kidole kidogo cha kushoto ndani ya kiganja.

"Paka tisa," anamwambia. "Hiki kimoja ni ya serikali."