Mchunga Alpaka Ambaye Damu Yake Imeukataa Mlima

Saa kumi na mbili asubuhi, Gumercinda Checca anaondoa mawe mlangoni mwa zizi na kusimama kando. Alpaka mia moja na kumi na wawili, wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia, wanatoka mmoja mmoja, migongo ikiwa imepauka kwa barafu. Barafu haiyeyuki, kwa kuwa joto la mnyama linabaki ndani, chini ya manyoya.

Anahesabu hadi wa mwisho, kisha anawafuata. Hatua ishirini, anasimama. Hatua ishirini nyingine, anasimama tena, kiganja kifuani. Kucha zake zina rangi ya zambarau bivu. Midomo vilevile.

"Usiniandikie kwamba ni uzee," anamwambia mwandishi bila kuulizwa. "Nina miaka hamsini na minne. Mama yangu alikimbiza alpaka hapahapa akiwa na sabini."

Hapa ni Pucarumi, nyanda za juu za Caylloma nchini Peru, mita elfu nne na mia saba kutoka usawa wa bahari. Kila pumzi ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mwili wa binadamu huikabili shida hiyo kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, na kwa wengi ongezeko hilo hufika mahali likatulia. Kwa Gumercinda halikutulia.

Nesi wa zahanati alimweleza baadaye kwamba kwa miaka mingi hedhi ilikuwa ikimpunguzia ziada hiyo kila mwezi. Ilipokoma, miaka sita iliyopita, damu ikaanza kujilimbikiza. Kichwa kikamgonga kila asubuhi, masikio yakavuma, vidole vikawa na ganzi. Akatafuna majani ya koka, dawa ya wenyeji ya kichwa cha mlimani, akafunga kitambaa kichwani, akaendelea na kazi.

Machi mwaka huu, msimu wa kuzaa, alikuwa akimfuata jike mwenye uchungu katika kinamasi cha malisho alipoanguka. Wifi yake, Fortunata Suyco, alikuwa upande wa pili wa kijito.

"Nilimkuta macho wazi, mdomo umekwenda upande," anasimulia Fortunata. "Akaniita kondoo. Nikamjibu, 'Kondoo mwenyewe, inuka!' Nilidhani ananitukana kama kawaida yake."

"Nilitaka kusema Fortunata," anadakia Gumercinda. "Ulimi ukaleta kondoo. Pengine ulijua unachosema."

Wanacheka wote wawili, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Fortunata alimpandisha kwenye pikipiki ya jirani, akajifunga naye kwa shali ya sufu ili asidondoke, wakashuka kwa mwendo wa saa tatu hadi zahanati. Kipimo kilionyesha kwamba katika kila sehemu mia za damu yake, sabini na mbili zilikuwa chembe nyekundu. Fortunata, anayemzidi miaka minne na aliyezaliwa kilima cha pili, alipimwa papo hapo: hamsini na tatu.

Kwa nini mmoja na si mwingine? Nesi alikiri kwamba hajui.

Walimtoa damu nusu lita. Ilitiririka polepole, nyeusi, na sindano ikaziba mara mbili. Kesho yake ulimi ulinyooka na kichwa kikawa chepesi. Daktari hakumficha kitu: "Mama, kila tunachokutoa mlima utakurudishia. Safari ijayo huenda usiamke. Shuka."

Akashuka Arequipa, jiji lililo nusu ya kimo hicho, kwa binti yake, Nelida. Baada ya wiki saba kucha zilirudi rangi ya waridi. Alipanda ngazi bila kupumzika. Alilala mpaka jua likamkuta kitandani, jambo analolisimulia kwa aibu.

"Mwili ulipona, mimi nikaugua," anasema. "Nelida akienda kazini nabaki naangalia ukuta. Nikamwambia, mwanangu, nakwenda kuchungulia wanyama mara moja tu."

Hiyo mara moja imekuwa miezi mitano. Kufikia Oktoba kucha zilikuwa zimeshaiva tena.

Mwezi huohuo alikuja daktari wa mifugo kuwachanja alpaka. Gumercinda akamshikia jike mmoja na kumwomba ampime damu. Jibu lilikuwa thelathini na tano.

"Nikamwambia mashine yako mbovu," anakumbuka. "Mnyama anayekimbia mlimani ana nusu ya damu yangu?"

Mtaalamu akamweleza kwamba chembe za alpaka ni ndogo na bapa, na hudaka oksijeni hata hewa ikiwa hafifu. Hana haja ya kuziongeza. Mwili wa Gumercinda ulikuwa ukiajiri vibarua wapya kila siku, hadi wakaziba njia.

Jioni hiyo alimwita Fortunata, wakakubaliana: kundi litabaki na wifi, na watakaozaliwa watawagawana nusu kwa nusu.

"Nilikuwa nadhani naonewa," anasema. "Lakini mwili umejitahidi kadiri unavyojua. Siwezi kuukasirikia."

Wiki hii ni ya kunyoa. Ikiisha, Gumercinda atashuka, na safari hii amefunga mizigo yote, hadi sufuria. Januari, wanyama watakapoanza kuzaa, hatakuwepo. Anapolitaja hilo anageuza uso na kujifanya anahesabu kundi.

Nelida amempatia kazi katika karakana ya kuchambua sufu, ambako wanawake hutenganisha nyororo na nene kwa vidole vitupu. Siku ya majaribio, katika zile wiki saba, alichambua gunia zima bila kosa. Ganzi ikimtoka, anatumaini kuifanya kazi hiyo miaka mingi, na sufu ya Pucarumi itapitia mikononi mwake.

"Mwaka kesho nikiishika tu," anasema, akimtazama wifi yake, "nitajua kama uliwalisha au uliwashindisha njaa."

"Basi shuka upone," anajibu Fortunata, "maana nataka unitukane kwa jina langu."