Njia ya Kwenda Gare

Juzi hospitalini nilimsikia muuguzi akimwambia mtoto afikirie mahali anapopapenda wakati kidonda chake kinasafishwa. Nikacheka peke yangu. Utotoni nililazwa Lushoto kwa ugonjwa wa mfupa wa mguu, na mchana mmoja nesi alinijia na beseni linalonuka spiriti.

"Fumba macho," aliniambia. "Tembea mpaka kwenu Gare, uniambie unachokiona."

Nilidhani nikifika nyumbani ndiyo nimeruhusiwa, kwa hiyo nilikaza mwendo. Nikamtajia daraja la magogo, moshi wa kuni, bibi akipura maharage uani. Mkasi ulikuwa unalia mguuni pangu, nami sikulia hata kidogo.

"Fumbua macho, tumemaliza."

"Sifumbui! Nimeshafika kwetu, na sirudi!"

Nesi alicheka. Nilipofumbua nikaikuta wodi ileile, ndipo nikalia, kwa hasira wala si kwa maumivu. Sasa najua hakuwa amenidanganya. Alikuwa ananipunguzia mateso.

Kesho yake nililisikia beseni likigongagonga kwenye korido. Sikungoja kuambiwa. Lilipofika kitandani, mimi nilishavuka daraja.